Kuunganisha Spika za Nyumbani na Amplifaya: Soma Mgongoni Kabla ya Kushika Waya

Ukienda Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta amplifaya, swali la kwanza utakaloulizwa ni unataka wati ngapi. Muuzaji ana haki ya kuuliza hivyo, lakini kwa mtu anayetaka kufunga muziki sebuleni na udumu, wati ni jambo la tatu. La kwanza ni volti, la pili ni omu, na yote mawili yameandikwa mgongoni mwa mashine kwa herufi ndogo ambazo wengi hawazisomi. Amplifaya inayoungua siku ya kwanza, mara nyingi imeunguzwa na mojawapo ya namba hizo mbili.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye amplifaya ya kawaida ya chaneli mbili (kushoto na kulia), mpya au ya mtumba, na maboksi mawili ya spika yasiyo na umeme wake. Kama spika zako zina waya wa kuchomeka ukutani, tayari zina amplifaya ndani. Hizo zinataka ishara ndogo ya kutoka kwenye simu au TV, na ukizifunga kwenye vifungio vya spika vya amplifaya nyingine utaziharibu.

Andaa kisu kikali au koleo la kumenyea waya, bisibisi, tochi, betri moja ya redio ya volti 1.5 na, ukiweza, mita ya kupimia umeme. Mita ya bei ya chini kabisa inatosha.

Hatua ya 1: Hakikisha volti

Geuza amplifaya, mulika tochi pale waya wa umeme unapoingilia. Umeme wa Tanzania ni volti 230, wa Kenya ni 240, yote kwa hezi 50. Mgongoni ukikuta 220-240V, au 100-240V, endelea bila hofu.

Ukikuta AC 100V, simama hapo hapo. Hiyo ni mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, na ziko nyingi kwenye maduka ya mtumba kwa sababu Wajapani walitengeneza amplifaya nzuri sana katika miaka ya 1970 na 1980. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani unaipa zaidi ya mara mbili ya umeme inaouhitaji. Ukibahatika, fyuzi itakatika. Usipobahatika, transfoma ya ndani itaungua. Mashine za Marekani zimeandikwa 120V, na tatizo ni lile lile.

Dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: transfoma nyingi za madukani hushusha hadi volti 110. Kwa mashine ya Marekani hiyo inafaa. Kwa mashine ya Japani bado ni asilimia 10 juu ya kiwango, na siku umeme wa mtaani ukipanda inazidi kuumia. Tafuta transfoma yenye tundu la volti 100 hasa; zipo, hata kama itabidi uzunguke maduka kadhaa. Kisha angalia ukubwa wake. Kama amplifaya imeandikwa inatumia wati 200, chukua transfoma ya 400 au zaidi ili isichemke.

Baadhi ya mashine za zamani zina kitufe cha kuzungusha cha kuchagua volti, mara nyingi chenye namba kama 110, 127, 220 na 240. Angalia kimekaa kwenye ngapi kabla hujachomeka. Mashine iliyotoka nje ya nchi huja na kitufe kikiwa kwenye volti ya huko ilikotoka.

Hatua ya 2: Linganisha omu

Hapa ndipo penye uzito wa kazi yote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila spika imeandikwa omu zake nyuma ya boksi au kwenye sumaku: 4, 6 au 8. Hicho ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme unaotoka kwenye amplifaya. Omu zikiwa nyingi, umeme unaopita ni mdogo. Omu zikipungua, umeme unaongezeka. Spika ya omu 4 inavuta takriban mara mbili ya ile ya omu 8 kwa kiwango kile kile cha volyumu. Amplifaya ndiyo inayoubeba mzigo huo, na ikizidiwa inachemka.

Mgongoni mwa amplifaya, karibu na vifungio vya spika, kuna namba nyingine, kwa mfano 4-16Ω au 6-16Ω (Ω ni alama ya omu). Kanuni ni moja: omu za spika zisiwe chini ya namba ndogo iliyoandikwa hapo. Kuzidi hakuna madhara, ila sauti itapungua kidogo. Spika za omu 8 kwenye amplifaya iliyoandikwa 4-16Ω ni salama kabisa. Spika za omu 4 kwenye amplifaya iliyoandikwa 8Ω ni kuitafutia balaa, hata kama itapiga vizuri wiki ya kwanza.

Mtego uko kwenye vitu viwili ambavyo watu wengi huviokota. Kwanza, spika za gari: nyingi ni za omu 4. Pili, spika zilizotoka kwenye seti za sinema za nyumbani. Nyingine ni za omu 3. Zile zilitengenezwa zikae na mashine yake tu. Spika hizo zinapendeza na bei yake ni ndogo, lakini soma kwanza.

Kama maandishi yamefutika, tumia mita. Iweke kwenye alama ya Ω, kiwango cha chini kabisa, gusisha ncha zake kwenye vifungio vya spika ambayo haijaunganishwa popote. Mita hupima ukinzani wa koili, yaani waya uliosokotwa ndani ya spika, peke yake, ambao huwa chini kidogo ya ule ulioandikwa. Ukisoma kati ya 5.5 na 7, hiyo ni spika ya omu 8. Ukisoma kati ya 3 na 3.8, ni ya omu 4. Mita ikionyesha hakuna mawasiliano kabisa, koili imekatika.

Ukitaka spika nne

Wengi hawaishii kwenye spika mbili. Wanataka mbili sebuleni na mbili barazani, na kwa hesabu hii amplifaya nyingi zimeteketea.

Ukifunga spika mbili kwenye chaneli moja kwa kupeleka chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, umezifunga sambamba, na omu zinagawanyika. Mbili za omu 8 zinakuwa 4. Mbili za omu 4 zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hazihimili 2. Ukichanganya ya 8 na ya 4, zidisha namba hizo mbili halafu gawanya kwa jumla yake: 32 kwa 12, unapata kama 2.7. Hiyo nayo ni chini mno.

Ukizifunga kwa mfuatano, yaani chanya ya amplifaya iende chanya ya spika ya kwanza, hasi ya spika ya kwanza iende chanya ya spika ya pili, na hasi ya spika ya pili irudi amplifaya, omu zinajumlishwa. Mbili za omu 4 zinakuwa 8. Ni salama, na kwa spika mbili zinazofanana kabisa sauti ni ya kuridhisha. Zikitofautiana, moja itanyang'anya nyingine na muziki utapoteza uwiano.

Amplifaya yenye vifungio vya A na B imekurahisishia waya tu. Hesabu iko pale pale. Nyingi huziweka A na B sambamba unapowasha zote mbili. Ndiyo maana mgongoni utakuta maandishi mawili: A au B pekee, kuanzia omu 4; A pamoja na B, kuanzia omu 8. Ukiwa na spika nne za omu 8, ziwashe zote bila wasiwasi. Ukiwa na za omu 4, sikiliza seti moja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 3: Wati, kwa ufupi

Puuza namba kubwa zilizochapwa usoni mwa mashine, hasa zile zenye herufi PMPO, ambazo ni za kutangazia biashara tu. Mashine inayovuta wati 60 ukutani haiwezi kutoa wati 3,000 kwenye spika. Hakuna umeme wa kuzitoa. Angalia wati za RMS, yaani zile ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo, kwenye kijitabu, au soma mgongoni inavuta wati ngapi ukutani na ujue kwamba spika zitapata pungufu ya hapo.

Sebuleni unatumia kidogo kuliko unavyodhani. Spika ya kawaida ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 87 ukiwa mita moja mbele yake, na hiyo tayari ni sauti ya kukulazimisha upaze yako ili usikike. Ili masikio yasikie sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Tofauti kati ya amplifaya ya wati 50 na ya wati 60 haisikiki.

Kinachoua spika, hasa twita (ile spika ndogo ya sauti nyembamba), ni amplifaya ndogo inayolazimishwa. Ikifika mwisho wa uwezo wake inakata vilele vya mawimbi ya sauti. Utasikia inakwaruza. Wakati huo koili inapokea joto jingi mfululizo bila nafasi ya kupoa. Sauti ikianza kukwaruza punguza volyumu papo hapo, hata kama namba iliyoandikwa kwenye boksi la spika ni kubwa kuliko ya amplifaya.

Hatua ya 4: Chagua waya

Nunua waya pacha wa shaba wenye nyuzi nyingi nyembamba ndani. Unene wa milimita 1.5 za mraba unatosha nyumba nyingi: kwa umbali wa mita 10 kutoka amplifaya hadi spika, kwenda na kurudi, waya huo unaongeza ukinzani wa karibu omu 0.23 tu. Ukizidi umbali huo, au spika zikiwa za omu 4, panda hadi 2.5. Waya mwembamba wa redio ndogo, wenye unene wa uzi wa kiatu, utapiga, lakini besi italegea.

Kuwa macho na waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Umejaa madukani, una rangi nzuri, na ni mwepesi mkononi. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni aluminiamu. Si sumu, lakini ukinzani wake unazidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, na nyuzi zake hukatika ovyo unapozikunja. Kama ndio uliopo, chukua wenye unene wa 2.5.

Waya mgumu wa ukutani wenye mhimili mmoja unapitisha sauti vizuri, ila unasumbua kufunga na hukatika ukiukunja mara nyingi. Na waya wa bei ya kutisha unaouzwa kwa maneno matamu, uache. Fedha hizo ongeza kwenye spika, huko utazisikia.

Pima kutoka amplifaya hadi kila spika kwa kufuata ukuta, ongeza mita moja ya ziada. Pande mbili zikitofautiana kwa mita mbili tatu hakuna sikio litakalojua.

Hatua ya 5: Menya na ufunge

Chomoa amplifaya ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Subiri dakika chache, kwa sababu kapasita za ndani, yaani vihifadhi umeme, hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Menya gamba la waya kwa urefu wa sentimita moja hadi moja na nusu, si zaidi. Zungusha kisu taratibu usikate nyuzi za ndani. Kisha sokota nyuzi ziwe kamba moja ngumu. Uzi mmoja tu uliochomoza na kugusa kifungio cha jirani ni shoti, na shoti kwenye vifungio vya spika ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuua amplifaya isiyo na kinga.

Vifungio viko vya aina mbili. Vile vya springi unabonyeza, unaingiza waya, unaachia. Vile vya kukaza kwa nati unalegeza, unapitisha waya kwenye tundu lililo kwenye mhimili, unakaza kwa vidole mpaka usichezecheze. Koleo litavunja plastiki. Ncha usizitie risasi ya kuchomelea kwa ajili ya vifungio vya nati, maana risasi hulegea kadiri siku zinavyokwenda na waya unaanza kucheza.

Baadhi ya maboksi yana vifungio vinne nyuma, vikiwa vimeunganishwa viwiliviwili kwa vipande vya chuma. Viache vipande hivyo mahali pake na ufunge waya kwenye jozi moja tu.

Tahadhari moja kubwa: usiunganishe kamwe hasi ya kushoto na hasi ya kulia, wala hasi na bodi ya chuma ya amplifaya. Wapo wanaofanya hivyo ili kuokoa waya. Kwenye baadhi ya amplifaya za zamani itapita salama. Kwenye vibao vidogo vya amplifaya vya kisasa, kama vile vyenye chipu ya TPA3116D2 ambavyo mafundi wengi hufunga ndani ya maboksi ya kujitengenezea, hasi nayo inabeba sauti, na kuzikutanisha hasi mbili ni shoti kamili. Kwa kuwa nimevitaja: vibao hivi hupokea volti 4.5 hadi 26, kwa hiyo vinafaa sana nyumba yenye sola ya volti 12. Kwa volti hizo 12 tarajia kama wati 15 kila upande kwenye spika za omu 4, bila kujali kifungashio kinadai nini. Wati hizo zinatosha chumba kwa raha.

Hatua ya 6: Chanya kwa chanya

Kifungio chekundu ni chanya, cheusi ni hasi, kwenye amplifaya na kwenye spika. Waya pacha huwa na alama upande mmoja: mstari wa rangi, mfuo kwenye plastiki unaousikia kwa kidole, au uzi mmoja wa rangi ya shaba na mwingine wa fedha. Amua upande wenye alama ndio chanya na usibadilishe nyumba nzima. Spika ya kushoto ni ile iliyo kushoto kwako ukiwa umekaa ukizitazama, na inakwenda kwenye kifungio cha L. Ya kulia kwenye R.

Ukikosea upande mmoja tu, hakuna kitakachoungua, lakini muziki utaharibika kwa namna inayowachanganya watu. Spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi inafutika katikati ya chumba, na sauti ya mwimbaji inakuwa haina mahali. Watu hununua sabufa kutibu tatizo ambalo lingeisha kwa kugeuza waya mmoja.

Kujaribu ni rahisi. Weka taarifa ya habari au wimbo wenye sauti moja ya mtu, kaa katikati ya spika mbili. Sauti inapaswa kutoka katikati kabisa, kama vile msomaji amesimama pale pasipo na spika. Ikiwa imetawanyika pembeni, zima, geuza waya wa spika moja, sikiliza tena. Upande wenye besi nene ndio sahihi.

Kwa spika isiyo na alama, hasa iliyotolewa kwenye boksi, tumia betri ya volti 1.5. Spika ikiwa haijaunganishwa popote, gusisha betri kwa sekunde moja na uangalie karatasi ya wufa (ile spika kubwa ya besi). Ikisogea mbele, kifungio kinachogusa chanya ya betri ndicho chanya ya spika. Ikirudi nyuma, ni kinyume. Usijaribu twita kwa njia hii.

Ukiongeza twita mwenyewe kwenye boksi, lazima ipitie kapasita isiyo na chanya wala hasi. Kwa twita ya omu 8, kapasita ya maikrofaradi 4.7 huanza kuipa sauti kutoka takriban hezi 4,200 kwenda juu, ya 2.2 huanzia karibu 9,000. Bila kapasita besi itaifikia twita, na haitadumu.

Hatua ya 7: Leta muziki

Nyuma ya amplifaya kuna matundu mekundu na meupe yenye majina kama CD, TUNER, AUX, TAPE na PHONO. Simu, TV na dekoda zote ziende AUX, CD au TUNER. Hayo yanafanana kabisa ndani. PHONO ni la santuri peke yake, kwa sababu limeongezewa nguvu nyingi na kubadilishwa uwiano wa besi. Ukichomeka dekoda hapo utapata kelele nene inayokwaruza na utadhani mashine imekufa.

Simu yenye tundu la visikizi inahitaji waya wa pini moja ya milimita 3.5 upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande mwingine. Simu isiyo na tundu hilo, nunua kipokezi kidogo cha bluetuth. Pandisha volyumu ya simu karibu asilimia 80 hadi 90, halafu ongoza sauti kwa amplifaya.

TV mpya zinaleta shida kwa kuwa nyingi hazina tena matundu mekundu na meupe ya kutolea sauti. Zina tundu la mwanga, la OPTICAL. Kwa hilo unahitaji kisanduku cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya kawaida, kisha uingie kwenye mipangilio ya sauti ya TV na kuchagua PCM. Usipochagua hivyo utasikia kimya au mikwaruzo. Dekoda nyingi bado zina matundu mekundu na meupe, na kuunganisha dekoda moja kwa moja ni njia fupi kama unatazama hiyo tu.

Ishara ya kutoka kwenye vifungio vya spika vya redio nyingine usiiingize AUX. Ni kubwa mno kwa tundu hilo.

Hatua ya 8: Washa

Kabla ya kuchomeka, pitisha macho tena kwenye kila kifungio na utafute uzi uliochomoza. Volyumu iwe sifuri, besi na treble katikati. Chomeka, washa. Kwenye amplifaya nyingi utasikia tiki baada ya sekunde chache. Hiyo ni swichi ya kinga inayofungulia spika baada ya mashine kujikagua. Pandisha volyumu polepole na uzungushe kitufe cha BALANCE kushoto, kisha kulia, kuhakikisha kila spika inaitika upande wake. Baada ya nusu saa gusa juu ya mashine. Uvuguvugu ni wa kawaida. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, zima na urudie hesabu ya omu. Na kile kitambaa cha kufuma kinachofunika redio, kitoe kabisa: matundu ya juu ndiyo yanayopumua.

Mahali pa kuziweka

Wewe na spika mbili mkae kwenye pembe tatu za pande zinazokaribia kulingana, twita zikiwa usawa wa masikio ukiwa umekaa. Ziache nafasi na ukuta, sentimita 20 hadi 50. Pembeni kabisa mwa chumba besi inavimba na kufunika maneno. Nyumba zetu za tofali zenye vigae chini na kuta tupu zinarudisha sauti vibaya. Mkeka mnene, zulia, mapazia na makochi ya kitambaa husaidia kuliko kubadili spika.

Kwa waliokaribia bahari, chumvi ya hewani hugeuza shaba kuwa ya kijani. Kila baada ya miezi kadhaa chomoa ncha, kata kipande kilichobadilika rangi, menya upya.

Inapogoma

Upande mmoja kimya: zima, badilishana spika, ya kushoto iende kulia. Kimya kikihama pamoja na spika, tatizo ni spika au waya wake. Kikibaki upande ule ule, badilishana pini nyekundu na nyeupe za kuingizia. Kikihama sasa, kosa liko kwenye chanzo. Kisipohama, ni amplifaya. Sauti inayokuja na kupotea ukigusa volyumu ni uchafu ndani ya kitufe, na fundi huisafisha kwa dawa ya kupuliza.

Mvumo mzito wa chini unaoendelea hata muziki ukisimama: chomoa kwanza pini zote za kuingizia. Ukinyamaza, fungua waya wa antena au wa dishi nyuma ya dekoda. Ukinyamaza hapo, umeme wa ardhini unazunguka kupitia waya huo. Chomeka vyombo vyote kwenye ekstensheni moja na utenganishe nyaya za sauti na za umeme. Ukiendelea, nunua kitenganishi cha kuweka katikati ya waya wa sauti. Usikate kamwe mguu wa ardhi wa plagi ili kuua mvumo. Huo mguu unalinda maisha ya watu wa nyumba. Mvumo usiokoma hata pini zote zikiwa nje na volyumu ikiwa sifuri ni dalili ya kapasita kubwa za umeme zilizochoka, jambo la kawaida kwa mashine ya miaka 30.

Spika ya mtumba inayokoroma kwenye besi: sukuma karatasi yake taratibu kwa vidole vya mikono miwili, sawasawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua. Kagua na sponji ya pembezoni. Ile ya zamani huoza na kumeguka kama unga, lakini hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko spika mpya.

Taa ya PROTECT ikiwaka na spika kukatwa: zima, toa nyaya zote za spika kwenye amplifaya, washa tena. Ikitulia, kuna shoti kwenye waya au spika, au omu ni chache mno. Rudisha nyaya moja moja mpaka uipate. Ikiendelea kujikinga bila spika yoyote, kosa liko ndani. Usiikwepe kinga hiyo wala usikubali mtu aiondoe ili mashine ipige. Mwambie fundi apime volti za moja kwa moja (DC) zinazotoka kwenye saketi ya spika, kabla ya swichi ya kinga, pasipo muziki. Amplifaya nzima hutoa chini ya volti 0.05. Ikitoa volti kadhaa, mara nyingi transista (vipande vya kukuza umeme) za kutolea sauti zimekufa, na hizo zibadilishwe kabla waya wowote wa spika haujarudi.